Kadi za mkopo: Faini inayojificha kwenye kalenda ya benki

Na Mwandishi Wetu

MWENYE duka aliyesaini hati ya makato ya moja kwa moja kwa ajili ya kadi yake ya mkopo hulala usingizi mzuri. Anajua kwamba kila mwezi kampuni ya kadi itajichukulia fedha yake benki, bila yeye kupanga foleni wala kukumbuka tarehe. Kisha siku moja inaingia taarifa ya hesabu, na ndani yake upo mstari asioutarajia: tozo ya kuchelewa kulipa, pauni 12. Anabaki kushangaa. Atachelewaje mtu ambaye halipi kwa mkono wake mwenyewe?

Swali hilo huulizwa sana Uingereza, nchi ambako makato ya moja kwa moja ndiyo njia ya kawaida ya kulipa umeme, maji, kodi ya halmashauri na kadi za mkopo. Jibu lake ni fupi. Makato hayo humkinga mtu na usahaulifu, lakini hayamkingi na kalenda. Kati ya siku hesabu inapofungwa na siku fedha inapotoka benki kuna nafasi kadhaa za mtu kuteleza, na faini huzaliwa humo.

Ukurasa huu umeona vyema kulifafanua suala hili kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo. Wapo wasomaji wenye ndugu au washirika wa biashara London na Leicester, na wapo wenye kadi zilizotolewa huko ambazo huzitumia kununulia bidhaa. Aidha, benki za Nairobi na Dar es Salaam nazo hutoa kadi za mkopo, na utaratibu wa kukata deni kwenye akaunti ya mteja haukosi kalenda yake.

TAREHE NNE ZA KADI MOJA

Kadi ya mkopo huendeshwa na tarehe nne. Ya kwanza ni siku ya kufunga hesabu, ambapo kampuni hujumlisha manunuzi yote ya mwezi na kutoa taarifa. Ya pili ni tarehe ya mwisho ya kulipa, ambayo huwa wiki tatu au zaidi baadaye. Ya tatu ni siku ya makato yenyewe, ambayo kwa kampuni nyingi huwa ndiyo hiyo tarehe ya mwisho au siku iliyo karibu nayo. Ya nne ni siku ambayo fedha za mwenye kadi huingia katika akaunti yake ya benki.

Tatu za kwanza hupangwa na kampuni ya kadi. Ya nne hupangwa na mwajiri, au kwa mfanyabiashara, na wateja wake wanaodaiwa. Tarehe hizi nne zikifuatana vizuri, hakuna faini. Mfanyabiashara anayelipwa na wateja tarehe 30, huku kadi yake ikikatwa tarehe 27, amejiwekea mtego kila mwezi hata kama biashara yake ina faida. Tatizo lake si umaskini bali ni siku tatu.

Hapa ni vyema kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Agizo la kudumu ni amri ya mwenye akaunti kwa benki yake: kila tarehe fulani peleka kiasi fulani. Kiasi hakibadiliki mpaka mwenyewe aseme. Makato ya moja kwa moja ni kinyume chake. Mwenye akaunti humpa mdai wake ruhusa ya kuja kuchukua, na kiasi kinaweza kubadilika mwezi hadi mwezi. Anayelipa kadi kwa agizo la kudumu la pauni 30 atajikuta na faini mwezi ambao malipo ya chini yamepanda hadi pauni 34, ingawa pauni 30 zake zimefika mapema. Anayelipa kwa makato ya moja kwa moja ameepuka hilo, lakini amekabidhi saa yake kwa mdai.

Chimbuko la mfumo huo linaeleza kwa nini ni hivyo. Makato ya moja kwa moja yalibuniwa Uingereza mwaka 1964 na Alastair Hanton wa kampuni ya Unilever, ili kurahisisha ukusanyaji wa madeni. Tangu mwanzo, basi, ni chombo cha anayekusanya. Kinamfaa pia anayelipa, lakini ratiba si yake.

SAFARI YA SIKU TATU

Makato hayo hupita katika mfumo unaoitwa Bacs, ulioanza mwaka 1968 na ambao kwa sasa uko chini ya taasisi ya Pay.UK. Mfumo huu hufanya kazi kwa mzunguko wa siku tatu za kazi. Siku ya kwanza kampuni hupeleka orodha ya watu wa kukatwa. Siku ya pili orodha huchambuliwa na kugawanywa kwa benki mbalimbali. Siku ya tatu fedha hutoka kwa mlipaji na kuingia kwa mdai siku hiyo hiyo. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za benki hazihesabiwi.

Msomaji apime maana ya jambo hilo kwa kalenda ya Pasaka ya mwaka 2025. Tuchukue mfano wa kadi ambayo tarehe yake ya mwisho ya kulipa ilikuwa Jumamosi, Aprili 19. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 18 na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21. Kwa hiyo siku ya kazi iliyofuata ilikuwa Jumanne, Aprili 22, na hiyo ndiyo siku ambayo makato yangefanyika. Kwa kuwa kampuni yenyewe ndiyo iliyopanga kukata siku hiyo, makato hayo hayahesabiwi kuwa yamechelewa. Hapo mwenye kadi yuko salama.

Sasa turudi nyuma siku tatu za kazi. Ili fedha zitoke Jumanne tarehe 22, orodha ilipaswa kupelekwa Jumatano tarehe 16 na kuchambuliwa Alhamisi tarehe 17. Ina maana kwamba Ijumaa Kuu asubuhi amri ya makato ilikuwa tayari njiani, na ingekaa njiani siku zote za sikukuu.

Mwenye kadi asiyejua hilo hufanya kosa la mtu mwema. Anaona tarehe ya mwisho inakaribia, anaogopa sikukuu, analipa kwa simu yake siku ya Ijumaa. Malipo ya papo kwa papo yapo Uingereza tangu Mei 2008 na hufanya kazi hata siku za mapumziko, kwa hiyo fedha zinafika. Akiwa ameridhika, anatumia kilichobaki kununulia bidhaa. Jumanne asubuhi amri iliyoondoka Jumatano inabisha hodi na kukuta akaunti tupu. Makato yanarudishwa. Mtu amelipa mapema, na bado ametozwa kwa makato yaliyokataliwa.

Zipo kampuni zinazopunguza kiasi cha makato mteja anapolipa mwenyewe siku kadhaa kabla, na zipo zinazokata kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye taarifa. Masharti ya kadi ndiyo yanayosema. Kanuni ya kushika ni kwamba malipo ya mkono yanayofanywa katika siku za mwisho kabla ya makato yasichukuliwe kuwa yameyafuta makato hayo.

MWEZI WA KWANZA NDIO MBAYA

Faini nyingi za aina hii huwakuta watu mwezi ule ule wanaojaza hati. Hati ya makato huhitaji siku kadhaa kupita kati ya kampuni na benki na kuthibitishwa. Ikiwa taarifa ya mwezi huo imekwisha kutolewa, kampuni nyingi huanza kukata kuanzia taarifa inayofuata. Mteja amesaini tarehe 10, tarehe ya mwisho ni 15, naye anaamini mambo yamekwisha. Tarehe 15 inapita bila kukatwa chochote, na tarehe 16 tayari amechelewa.

Dawa yake ni rahisi: mwezi wa kwanza lipa kwa mkono, mpaka taarifa yenyewe iandike kwamba malipo yatachukuliwa kwa makato na itaje tarehe. Mstari huo kwenye taarifa una thamani kuliko kumbukumbu ya kusaini.

Kosa la pili la kalenda ni la kulipa mapema mno. Mtu analipa pauni 100 siku mbili kabla hesabu haijafungwa, akidhani ametimiza wajibu wa mwezi unaokuja. Fedha hizo zinapunguza deni, lakini taarifa mpya ikitoka inakuja na malipo yake ya chini, na hayo yanataka fedha iliyolipwa baada ya taarifa kutoka. Mwenye makato ya moja kwa moja hukatwa tena kama kawaida. Asiye nayo, na aliyejihesabu kuwa amelipa, huangukia faini.

Kosa la tatu ni la kubadili benki. Tangu Septemba 2013 Uingereza ina utaratibu wa kuhamisha akaunti kwa siku saba za kazi, ambapo makato yote huhamishwa pamoja na akaunti. Lakini anayefungua akaunti mpya mwenyewe na kuifunga ya zamani bila kupitia utaratibu huo huziacha hati zake zote kwenye akaunti iliyokufa. Kampuni ya kadi itabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

ASUBUHI YA MAKATO

Mfanyabiashara mwenye mauzo ya kila siku aelewe pia saa ya makato. Makato huingizwa kwenye akaunti mapema asubuhi ya siku yenyewe, kabla maduka hayajafunguliwa. Fedha za mauzo ya siku hiyo zikipelekwa benki jioni, zimechelewa kwa saa kadhaa. Benki nyingi za Uingereza hujaribu tena mchana wa siku hiyo hiyo kabla ya kukataa, na humwarifu mteja asubuhi kwa ujumbe wa simu kwamba akaunti haitoshi. Nafasi hiyo imewaokoa wengi, lakini si ya kutegemewa kila mwezi. Anayetaka usalama aweke fedha siku ya kazi iliyotangulia. Makato ya Jumatatu, basi, yawekewe fedha Ijumaa.

Hundi ndiyo hatari zaidi. Hundi ya mteja inaweza kuonekana kwenye hesabu ya benki kabla fedha zake hazijawa za kutumika. Mwenye duka anaona pauni 800, kumbe zilizo huru ni 150. Makato ya pauni 300 yanakataliwa mbele ya macho yake.

Ipo dhamana ya makato ya moja kwa moja ambayo benki za Uingereza huitoa kwa kila mlipaji. Kiasi au tarehe ikibadilika, mlipaji hupaswa kuarifiwa mapema, kwa kawaida siku kumi za kazi kabla, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Kosa likifanywa na kampuni au na benki, kwa mfano kukata kabla ya tarehe au kukata zaidi, mlipaji hurudishiwa fedha zote mara moja na benki yake. Pia anaweza kufuta hati wakati wowote kwa kuiarifu benki. Dhamana hiyo ni kubwa na inafaa itumiwe. Hata hivyo inahusu makosa yao. Haihusu akaunti iliyokutwa tupu.

PAUNI 12 ZILITOKA WAPI

Kadi ya kwanza ya mkopo Uingereza, Barclaycard, ilitolewa mwaka 1966. Miaka ilivyopita faini ya kuchelewa ikawa chanzo cha mapato, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa kati ya pauni 20 na 25 kwa kadi nyingi. Aprili 2006 Ofisi ya Biashara ya Haki, iliyojulikana kwa kifupi kama OFT, ilitamka kwamba faini hizo zilikuwa kubwa kuliko gharama halisi inayompata mtoaji wa kadi mteja anapochelewa, na kwamba wateja walikuwa wakitozwa isivyo halali zaidi ya pauni milioni 300 kwa mwaka.

OFT haikuweka bei kwa sheria. Ilisema tu kwamba tozo inayozidi pauni 12 itahesabiwa kuwa si ya haki, isipokuwa kama mtoaji ana sababu maalumu za kibiashara. Watoaji karibu wote walishuka hadi pauni 12, na wengi wamebaki hapo. OFT yenyewe ilifungwa mwaka 2014 na usimamizi wa mikopo ya wananchi ukahamia kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Fedha, FCA.

Pauni 12 zinaweza kuonekana ndogo. Zipimwe kwa kile kilichochelewa. Malipo ya chini yakiwa pauni 25, faini hiyo ni karibu nusu yake, kwa kuchelewa hata siku moja. Isitoshe, kampuni nyingine hutoza mara mbili: pauni 12 kwa makato yaliyorudishwa na pauni 12 kwa kuchelewa. Zamani benki ya mlipaji nayo iliongeza yake. Baadaye FCA ilibana tozo za benki kwa malipo yaliyokataliwa, na baadhi ya benki zimeziacha kabisa.

HASARA ILIYO NYUMA YA FAINI

Wachunguzi wa mambo ya fedha hukubaliana kwamba faini ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Iko mitatu iliyo mikubwa zaidi, na mfanyabiashara aihesabu.

Kwanza ni riba. Anayelipa deni lote kila mwezi hatozwi riba kwa manunuzi yake. Akikosa mwezi mmoja, msamaha huo huondoka. Kwa mfano, deni la pauni 1,500 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni takriban pauni 30 za riba kwa mwezi mmoja.

Pili ni ofa ya riba asilimia 0. Wengi hufanya biashara kwa kuhamisha deni kwenda kadi isiyotoza riba kwa miezi kadhaa. Kadi nyingi za aina hiyo zina sharti kwamba anayechelewa anaweza kupoteza ofa. Mwenye deni la pauni 3,000 akipoteza ofa hiyo na kurudi kwenye asilimia 24, anaanza kulipa karibu pauni 60 za riba kila mwezi. Siku moja ya kuchelewa imegeuka kodi ya pango.

Tatu ni rekodi ya mkopo. Malipo yaliyokosekana yakiripotiwa, alama yake hukaa katika rekodi ya mtu kwa miaka sita. Anayetaka mkopo wa nyumba au mtaji wa benki miaka mitatu baadaye ataulizwa juu ya Jumanne moja aliyokwisha kuisahau.

Kwa sababu hiyo wengi huchagua kukatwa malipo ya chini tu, ili akaunti isikose kamwe. Kwa kuzuia faini, njia hiyo ni salama. Kwa kulipa deni, ni ndefu mno. Kwa kadi mpya tangu mwaka 2011 malipo ya chini lazima yafunike riba na tozo zote pamoja na angalau asilimia 1 ya deni lenyewe. Asilimia 1 kwa mwezi haimalizi deni upesi. Mwaka 2018 FCA iliweka kanuni za kuwabana watoaji wawasaidie wateja ambao kwa miezi 18 wamelipa riba na tozo nyingi kuliko walivyopunguza deni. Inafaa malipo ya chini yawe ngazi ya kuzuia kuanguka, na juu yake mtu alipe kwa mkono kila apatapo.

MAREKANI SHERIA IMESHIKA SAA

Marekani ilipita njia nyingine. Juni 1996 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya Smiley dhidi ya Citibank, kwamba faini ya kuchelewa ni sehemu ya riba, kwa hiyo benki inaweza kufuata sheria za jimbo ilikosajiliwa hata inapomkopesha mtu wa jimbo jingine. Faini zikapanda. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo iligundua kwamba wastani ulitoka takriban dola 13 mwaka 1995 na kufika takriban dola 34 mwaka 2005.

Mei 2009 Rais Barack Obama alisaini sheria ya kadi za mkopo ambayo ilishughulika na kalenda moja kwa moja. Taarifa lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo lazima iwe ile ile kila mwezi. Mtoaji hawezi kuweka saa ya mwisho iliyo kabla ya saa 11 jioni. Tarehe ikiangukia siku ambayo malipo ya posta hayapokelewi, malipo yanayofika siku ya kazi inayofuata hayahesabiwi kuchelewa. Aidha, faini haiwezi kuzidi malipo ya chini yaliyokosekana.

Sheria hiyo inatoa ushahidi wa hoja ya makala haya. Wabunge wa Marekani walikuta kwamba tarehe zinazohamahama na saa za mwisho za asubuhi zilikuwa zikiwanasa watu wenye nia na uwezo wa kulipa. Kabla ya kubishana juu ya ukubwa wa faini, walinyoosha kalenda.

Ukubwa wa faini bado ni vita. Machi 2024 shirika la kulinda wateja wa huduma za fedha la Marekani, CFPB, lilitoa kanuni ya kushusha faini hadi dola 8 kwa watoaji wenye akaunti milioni moja au zaidi. Shirika hilo lilikadiria kwamba faini hizo ziliwagharimu wateja zaidi ya dola bilioni 14 mwaka 2022. Mahakama moja ya shirikisho huko Texas iliisimamisha kanuni hiyo Mei 2024, siku chache kabla haijaanza, na Aprili 2025 ikafutwa kabisa.

Mwekezaji mdogo anayetazama hisa za benki ana la kujifunza hapo. Mapato ya faini yanaonekana vizuri katika hesabu za mwaka, lakini yanaweza kupunguzwa na mdhibiti kwa tamko moja, kama ilivyotokea Uingereza mwaka 2006, au kuokolewa na mahakama, kama ilivyotokea Texas. Benki inayopata faida kwa riba ya wateja wanaolipa ina msingi imara zaidi kuliko ile inayotegemea wateja wanaojikwaa kwenye tarehe.

MASWALI YA KUULIZA BENKI YAKO

Kwa mwenye kadi ya mkopo Afrika Mashariki, mara nyingi benki iliyotoa kadi ndiyo hiyo hiyo yenye akaunti yake. Hapo hakuna safari ya siku tatu kati ya benki mbili, kwani makato hufanyika ndani ya nyumba moja. Maswali ya kalenda, hata hivyo, yanabaki. Kabla ya kusaini hati, mteja aulize yafuatayo na aombe jibu kwa maandishi:

Makato yataanza kwa taarifa ya mwezi gani, na mwezi huu nalipa kwa njia gani?

Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, nitakatwa kabla au baada yake?

Mtajaribu mara ngapi mkikuta fedha haitoshi, na saa ngapi?

Nikilipa mwenyewe siku mbili kabla, mtapunguza makato au mtakata yote?

Makato yakishindikana, tozo ni ngapi na zinatoka upande wa kadi, upande wa akaunti, au pande zote mbili?

Na la mwisho, ambalo wateja wachache hukumbuka kuuliza: naweza kubadilishiwa tarehe? Kampuni nyingi za kadi Uingereza hukubali kuhamisha tarehe ya malipo mteja akiomba. Mfanyabiashara anayelipwa mwisho wa mwezi aombe makato ya tarehe 5 au 6, si ya 27. Simu moja ya dakika kumi huondoa mtego wa miezi yote. Akumbuke tu kwamba mwezi wa kubadili ni kama mwezi wa kwanza: alipe kwa mkono mpaka taarifa mpya ionyeshe tarehe mpya.

Aliyekwisha kutozwa naye asikae kimya. Kama ni mara ya kwanza, na amelipa mara tu alipogundua, apige simu na kuomba faini irudishwe. Watoaji wengi huirejesha kwa mteja mwenye rekodi safi. Kama kosa ni la kampuni au benki, aitaje dhamana ya makato na adai haki yake.

Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na daftari la madeni mezani, na ukurasa mmoja wa tarehe. Kadi na makato ya benki havijaufuta ukurasa huo. Tarehe nne zilizotajwa hapo juu zinaenea kwenye mstari mmoja: hesabu inafungwa lini, mwisho wa kulipa ni lini, makato ni lini, fedha yangu inaingia lini. Aziandike leo, azitazame kila mwanzo wa mwezi wenye sikukuu. Wahenga walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari.